Kikebe Chini ya Kitanda

Akeyo wa zahanati alileta kikebe cheusi,
kidogo kama kopo la rangi ya viatu.
Mama Okumba, kiweke chumbani unapolala,
usikifunike, usikisogeze,
miezi mitatu.
Nikamuuliza kinakula nini.
Kinakula hewa, akasema, kisha kinakumbuka.
Kingine akakiweka kwenye jiko la udongo, huko nyuma.

Mume wangu alidhani kinanasa sauti.
Wiki nzima akaongea nami Kiswahili cha baraza la chifu
na usiku hakunigusa.
Mimi nilikiamkia kila asubuhi,
nikipitisha ufagio kando yake
kama kando ya mguu wa mgeni.

Nyumba hii ni ya mawe ya Mlima Homa.
Okumba alituma pesa kutoka Doha,
tukachonga mawe ya kijivu yenye madoa ya kutu,
tukapiga plasta, tukamwaga sakafu,
tukatia madirisha ya chuma yanayofunga kabisa,
hata mbu apite kwa ruhusa.

Jibu lilikuja kwa simu, siku ya soko Kendu,
nikipima omena.
Mimi ni mtu wa vipimo: gorogoro, debe, kasuku,
najua hata kidole cha mteja kinachosukuma mizani.
Hiki sikukijua.
Bekereli mia nne na kumi na mbili kwa mita ya ujazo.
Jiko la udongo, lenye upenyo wa shomoro chini ya bati:
thelathini na tisa.

Radoni, Akeyo akasema.
Jina kama la mchezaji wa timu ya ng'ambo.
Mwamba unazeeka, akasema, na ukizeeka unatoa pumzi,
haina rangi, haina harufu,
inapanda kwenye nyufa na kukaa pale isipofunguliwa.

Sisi wa jirani na Simbi tunajua habari ya vitu vya chini.
Ajuza aliomba pa kuota moto, wakamfukuza,
maji yakatoka ardhini usiku huohuo, ngoma ikiwa bado inalia.
Lakini yule aliomba.
Huyu hata hodi hakubisha.

Nikamkumbuka baba mkwe, Ogalo,
ambaye hakuwahi kuvuta hata kiko.
Alipoanza kukohoa tulimhamishia humu,
chumba hiki, kitanda hiki,
tukafunga madirisha asipigwe na upepo wa ziwa.
Mwaka na miezi minne.
Je, ni sisi?
Akeyo akatazama viatu vyake. Sijui, akasema.
Kikebe hakikuwapo.

Fungua madirisha, akasema. Ziba nyufa.
Na mbu?
Akanyamaza, maana anamjua Adero wangu,
yeye ndiye aliyeandika jina lake kwenye daftari la zahanati,
malaria, miaka mitatu,
akapiga mstari.

Basi tumefungua shibiri moja.
Neti tumeichomeka chini ya godoro pande zote.
Mume wangu ameziba ufa wa mlangoni kwa simenti na kijiko cha ugali,
kijiko changu kizuri, hakijarudi jikoni.

Usiku taa za wavuvi wa omena zinaingia hadi ukutani.
Kikebe kimekwenda zake,
naye amerudia Kijaluo chake, taratibu, karibu na sikio.
Inatoka sasa? ananiuliza.
Sisikii kitu, namwambia.
Ananyamaza, kisha anasema,
nayo ilivyoingia hatukuisikia.