Bila Hodi

Tulilipwa siku mbili kuchimba mtaro,
mimi na Eufrasia, kwa sururu zetu wenyewe.
Msimamizi akalaza kebo. "Ndani hupita nuru," akasema,
"msilime kupita kina cha goti."

Sasa mtandao, kutoka Lima hadi mgodini,
unakatiza chini ya viazi vyetu
bila hodi.

Jioni Yenifer hupanda kilima na simu ya mamaye,
huinua mkono, huushusha, husogea penye jiwe;
bando la soli tano huyeyuka
kabla hesabu hazijamfikia mwalimu.

Jana aliniuliza
kama hiyo nuru husikia baridi
usiku, kama sisi.

Sijui, nikamjibu,
nimelala kifudifudi kati ya matuta,
sikio udongoni.