Dakika Arobaini

Kazi yangu darajani Narva ni kusoma karatasi.
Nyuso sisomi; zimefunikwa nusu,
na nusu iliyobaki ni macho.
Tarehe. Saa. Mhuri. Jina la chanjo.
Saa sabini na mbili ni sabini na mbili,
hazivutiki kama mpira.

Chini yetu mto mweusi una haraka zake,
hauchokonolewi pua, hauulizwi cheti.
Ngome mbili zinatazamana
kama mashemeji wasiosemezana.

Saa nne usiku anafika Rimma Arkadyevna,
miaka sabini na mmoja, kofia ya sufi,
kigari cha sokoni kinalia nyuma yake.
Ndani: matango ya chumvi, jamu,
na soksi alizomfumia mjukuu kwa kukisia mguu.
Binti yake Inga anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa.
Akiwasha taa jikoni, mama anaiona
kutoka ng'ambo, akihesabu madirisha.

Amechanjwa, mara mbili, bega la kushoto.
Anaanza kufungua koti anionyeshe.
Usijisumbue, mama, namwambia,
chanjo yako kwetu haimo orodhani.
Hatua mia mbili nyuma alikuwa mtu mwenye kinga;
hapa ni mwanamke aliyedungwa maji.
Nani aliyeibadili damu yake njiani?
Nilikuwa zamu. Sikuona mtu.

Basi kipimo. Anacho, kimekunjwa mara nne:
hasi, imeandikwa wazi.
Sampuli ilitolewa Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini usiku.
Leo Alhamisi, saa nne kamili.
Dakika arobaini.
Zilimvuja akiwa foleni, upande wao,
amesimama sawasawa pale alipoambiwa asimame.

Msinione jiwe.
Mama yangu alikufa Machi, wodini Tartu;
tuliagana kwa simu
iliyoshikwa na muuguzi mwenye glavu mbili.
Nakijua kinachovuka daraja bila begi.
Sheria hii niliitaka, niliidai kwa sauti.
Sikujua itanijia imevaa kofia ya sufi.

"Mwanangu," ananiuliza, "na jamu nayo hupimwa?"

Nikafungua kitabu cha kanuni, ukurasa kwa ukurasa:
vyakula vya nyumbani, chini ya kilo tano, ruksa.
Kigari kikavuka.
Yeye akageuka, mikono mitupu, haijui ikae wapi.

Saa sita nilitoka zamu nikikivuta,
magurudumu yakiwaamsha mbwa wa mtaa mzima.
Inga alifungua mlango, mtoto begani.
Hakuniuliza kitu, wala hakunikaribisha.
Alikwenda jikoni, akazima taa, akaiwasha,
akaizima, akaiwasha.
Ng'ambo, ghorofa ya nne, dirisha moja likajibu.

Jumatatu tukaletewa tangazo jipya:
saa arobaini na nane.
Nililibandika mimi,
kwa gundi ya kutosha.