Nusu Athari

Kwa hesabu ya falaji yetu, athari moja ni nusu saa.
Mimi nimerithi nusu yake:
dakika kumi na tano, kila siku ya nane,
zamu ya usiku, baada ya ndimu za Bin Hamyar,
kabla ya majani ya ng'ombe wa binamu yake.
Wete, nilikozaliwa, athari lilikuwa neno jingine,
kinachobaki jambo likishapita.
Hapa Bahla ndiyo jambo lenyewe,
ina bei, ina mashahidi wawili na muhuri.

Zamani walingoja Kilimia kishuke hadi ncha ya jabali
ndipo mtu akasema: fungua.
Sasa hulia simu ya Mofizul, jogoo wa bandia,
naye anazibua kizibo cha matambara na jiwe.
Mofizul katoka nchi ambako maji huingia chumbani bila hodi
yakaondoka na kitanda.
Akiniona nimepiga magoti gizani
nikiziba ufa wa upana wa kidole,
hucheka.
Kisha naye hupiga magoti.

Miwa mistari kumi na miwili.
Maji ya mistari saba.
Fanya hesabu wewe uliyesoma.

Mwaka wa kwanza niligawa kwa haki,
mkate mmoja vinywa kumi na viwili,
na miwa yote ikadhoofika sawasawa, kwa adabu,
hakuna uliokufa, hakuna uliokua.
Mofizul ndiye aliyesema: mfereji huu unywe, wa pili uruke,
zamu ijayo wabadilishane,
mizizi si vipofu, itavuka chini kwa chini.
Na makapi usichome, mama. Uvishe udongo majani makavu,
jua lisijue palipolowa.

Kiangazi falaji ikapungua hadi kifundo cha mguu,
kisha hadi unyayo.
Ijumaa nikaenda mnadani, maji ya wakfu yakinadiwa.
Nilisema bei yangu kwa Kiarabu changu chenye Pemba ndani,
mtu akatabasamu kwenye ndevu.
Riyali nne. Tano.
Mwenye nyumba ya wageni akasema sita na nusu,
ana bwawa la kuogelea, la buluu, lisiloota hata ukoka.
Nikatazama pete yangu.
Nikatazama viatu vyangu.
Nikarudi na mkoba umefungwa.

Usiku wa zamu nilionyesha kwa kidole tu.
Ziba hapa. Na hapa. Na ule wa mwisho, karibu na ukuta,
niliopanda mwenyewe nikiwa na homa.
Mistari mitano.
Mofizul hakuuliza. Alikanyaga tope kwa kisigino
kama anayefukia kitu kilichokuwa na jina.
Maji yakaelekea kwa saba
yakifanya sauti ile ya mtu anayemeza.

Sasa ni msimu wa kukata. Mpishi wa haluwa kaja na gari lake,
kashika muwa, kaugeuza, kakunja uso:
pingili fupi hizi, Bi Salhiya, umezibana?
Nikamsomea kutoka chini, kwa ukucha.
Hii ndefu, wadi ilishuka usiku mmoja wa Machi.
Hii, falaji ilisafishwa, siku tisa bila tone.
Hizi tatu zilizokaa kama vifundo vya vidole vya kikongwe,
huo ni mnada.
Akang'ata. Akanyamaza.
Akang'ata tena, ufizi ukamuuma kwa utamu,
maana muwa uliokunywa kidogo hauna cha kuchanganyia sukari yake.
Akalipa bei ya mwaka jana hata hivyo.

Jioni Mofizul anakata vipande vya mbegu,
macho matatu kila kipande, anavilaza kwenye gunia bichi.
Mistari mingapi safari hii, mama?

Saba, nasema.

Nafunga mlango wa banda, natafuta komeo,
kisha narudi nyuma hatua mbili.

Nane.