Kiu ya Chuma

Mji wetu haukuzaliwa, uliandikwa.
Mpimaji wa reli, kwa rula na kikohozi chake,
alitia nukta kwenye karatasi ya Iowa, kila maili tisa,
akazipa majina kwa mpangilio wa alfabeti:
Jarvis, kisha sisi, kisha Loomis.
Sisi tukawa Kimmel. Kimmel alikuwa nani?
Mama alidhani ni mbwa wa yule mpimaji.

Maili tisa, kwa kuwa injini ya mvuke
haikwenda mbali bila kunywa.
Hiyo ndiyo sababu yetu yote ya kuwapo duniani,
kiu ya chuma.

Bibi alisimulia jinsi Osgood Pell, bwana stesheni,
alivyotuletea saa ya reli.
Kabla yake, adhuhuri ilikuwa pale
kivuli cha farasi kinapojificha chini ya tumbo lake.
Pell akasema hapana, adhuhuri iko Chicago,
na jua lenu linachelewa dakika kumi na saba.
Mjane Vondrak hakukubali. Alikula kwa jua
mpaka siku tuliyomzika, na hata siku hiyo
tulibishana mazishi yaanze saa ngapi.

Baba yangu, Ludvik Hruska, alikuwa mnyweshaji.
Ndivyo alivyojiita, kama mtu mwenye ng'ombe.
Januari alipanda ngazi ya tangi gizani,
ndevu zimeganda, shoka limefungwa kiunoni,
akavunja barafu huku Nambari Kumi na Nne ikija,
taa yake ndogo kama punje ya mtama
kwa nusu saa nzima,
maana nchi ile ni bapa:
mgeni wako unamwona leo, anafika kesho.

Nyuma ya ghala la mahindi, kwenye behewa lisilo na magurudumu,
waliishi akina Arredondo, watoto wanane.
Eulalia alipaka mlango rangi ya samawati,
akaotesha pilipili katika makopo ya mafuta ya nguruwe.
Refugio aligonga kila taruma kwa fimbo
na kujua kwa mlio lipi limeoza.
Miaka thelathini na minne aliinyoosha njia yetu.
Kinyozi hakumnyoa hata mara moja.
Tulikula mikate ya Eulalia, tukiipokelea mlango wa nyuma.
Mimi pia niliipokelea mlango wa nyuma.

Mwaka wa arobaini na nne
Wendell Aasen alirudi na treni ya mizigo.
Mama yake alitakiwa kutia sahihi kwenye fomu
iliyouliza: je, bidhaa imefika bila kuharibika?
Alisimama na kalamu hadi wino ukakauka.

Kisha ikaja dizeli. Dizeli haina kiu.
Ya kwanza ilipita saa nne asubuhi, haikupunguza mwendo.
Baba alikuwa juu, mkono kwenye kamba ya bomba.
Akavua kofia, sijui kwa heshima au kwa upepo.
Kampuni ilikwisha kumwandikia barua,
lakini alijaza tangi wiki tatu zaidi,
mpaka maji yakafurika, yakaganda ubavuni,
na watoto wa Arredondo wakateleza juu yake
wakicheka mpaka usiku.

Benki ilifungwa. Hoteli ikaungua, au ikaunguzwa.
Shule ikawa banda la trekta.
Mwaka wa themanini na moja waling'oa reli yenyewe;
mataruma ya Refugio yaliuzwa Des Moines
kuzungushia bustani za waridi.

Sasa pale palipokuwa reli pana njia ya baiskeli.
Jumamosi hupita vijana wenye kofia zinazong'aa,
hawamjui Pell, wala Kimmel,
lakini husimama mlangoni kwangu, chupa tupu mkononi.
Kutoka Jarvis ni maili tisa, na jua ni kali.
Nawajazia bombani.
Mmoja, juzi, alikunywa, akakunja uso:
bibi, maji yako yana ladha ya chuma.
Nikamwambia, ndiyo.