Kuvuliwa

Baba alianza kutafsiri mwaka ule upepo ulipong'oa mabati:
daftari la mraba, kalamu ya buluu, koroboi,
na kitabu kisicho na jalada, maisha ya Askofu Gervase Pellowe
wa nchi ya baridi, karne tatu na ushei zilizopita.

Mwana wa muuza mishumaa. Mjane mmoja akamsomesha.
Akawa shemasi, akawa kasisi, akapewa kiti
kwenye mji wenye mto na soko la sufu.
"Nyevu," baba akaniita, "Malindi hii nani anaijua sufu?"
Nikamwambia aandike manyoya ya kondoo.
Akacheka, akaandika sufu.

Mfalme wa kwanza akamletea kiapo. Akala.
Mfalme akafa, akaja mwingine na kiapo chake. Akala.
Tauni ikapita, ikamchukua mke na mtunza farasi,
naye akazika maskini kwa mikono yake, ukurasa mzima.
"Kiapo huliwa," baba akasema peke yake.
"Ndiyo maana wengine wamenenepa."

Cha tatu kikamkwama.
Kitabu hakielezi sana: aliomba maji, akaketi.
Wakamvua uaskofu.

Wiki mbili baba hakulivuka neno hilo.
Samaki huvuliwa. Shati huvuliwa.
Akafuta, akaandika, akafuta,
hata karatasi ikapitisha mwanga.

Juni hiyohiyo wakaja wazee wa kanisa
na hati ya kiwanja cha makaburi.
Mwenye hoteli alikuwa ameshapima, vigingi vyekundu
mpaka miguuni pa bibi yangu.
Sahihi kumi na moja zilikwishatiwa.
Mzee Kitsao akamsogezea kalamu.
Baba akaomba maji, akaketi.

Jumapili, kanzu yake ya usomaji
ilivaliwa na mwingine, ikamburuza.

Usiku ule hakumtaja mtu. Aliwasha koroboi,
akaandika bila kufuta:
*Wakamvua, naye akabaki na mwili wake.*

Askofu alimaliza umri akifuga nyuki,
akiwafundisha herufi watoto wa jirani
kwa malipo ya viazi.
Hapo daftari linakoma. Zimebaki kurasa nne.
Kiingereza nakijua; sijazigusa.

Sijui Pellowe alizikwa wapi.
Baba yuko kwenye kiwanja kilekile,
kati ya mchongoma na ukuta wa hoteli,
anatazama bahari
bila kulipia chumba.