Daftari la Funguo

Oktoba nilitoa funguo sitini na nne.
Kila mmoja alitia sahihi kwa madaha,
ndefu, yenye mkia, kama ya meneja wa benki.
Juni nimehesabu: arobaini na moja.

Ofisi kuu inataka fomu.
Fomu ina mstari mmoja: Sababu ya kuondoka.
Mstari wenyewe haumtoshi hata Shija,
ambaye baba yake aliuza tumbaku Urambo
na hadi leo analipwa kwa maneno.
Nimeandika: ada.
Nyanzala naye nimemwandikia ada,
ingawa yake ililipwa yote, siku ya kwanza.
Nyanzala alipata sapu tatu,
akaona haya kula bwaloni na wenzake,
akawa anakula chumbani, kisha akawa hali.
Hakuna aliyegonga mlango.
Nami sikugonga.

Na waliobaki, mwajua kilichowabakisha?
Si akili, si pesa tu.
Mmoja anadaiwa chapati nne pale Kanyenye
na hakutaka aitwe mwizi.
Mwingine, mwalimu wa anatomia
alimwita majina yake yote matatu bila kutazama karatasi.
Wawili walikuwa na ndoo moja:
mwenye ndoo akiondoka, mwenzake haogi.

Kalunde alikuja wiki ya pili, begi begani,
vumbi la Isevya hadi magotini,
akauweka ufunguo mezani: "Mama, nimeshindwa."
Nikamwambia daftari limefungiwa kabatini,
mwenye kabati kaenda Nzega, arudi kesho.
Daftari nilikuwa nimelikalia.
Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.
Sasa yuko mwaka wa tatu, anachoma sindano Kitete,
akinipita ananisalimu huku anatembea.

Nikadhani nimepata dawa.
Mihayo alipokuja, nikalikalia tena.
"Mwenye kabati kaenda Nzega."
Akaitikia kwa adabu, akatoka.
Asubuhi nikaukuta ufunguo dirishani,
umeviringishwa karatasi yenye sahihi,
fupi, haina mkia.
Treni ya Kigoma ilishapita.

Oktoba hii funguo ni sitini na nne tena.
Nimeomba ndoo thelathini na mbili.
Mhasibu ameandika pembeni, kwa wino mwekundu:
hesabu hii umekosea.