Zoezi la Tatu: Mzigo wa Nyumba

Nina miaka arobaini na minne, nakaa dawati la mbele,
nyuma yangu vijana wa rika la mwanangu
wanatafuna chingamu wakikokotoa wati.
Mwalimu Fougère, aliyekuwa fundi wa friji,
anasema pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa kama soksi,
ndani ikawa nje.
Basi, nikaelewa.
Miaka kumi na tisa nilisimama kaunta ya duka la vyakula,
majokofu yakinipulizia joto mgongoni,
nikidhani ni uchovu.

Chuo ni cha umma. Nusu ya ada inalipwa na mkoa,
nusu nyingine niliuza gari la Murdoch.
Habari za Murdoch tuziache.

Zoezi la tatu: rudi kwako, orodhesha kila kinachokula umeme.
Taa ya jikoni, wati tisa.
Birika, elfu moja na mia tano, lakini kwa dakika nne tu.
Televisheni, hata ukiizima inanyonya, kama kupe.
Safu ya mwisho ya jedwali inauliza:
Je, chaweza kuzimwa?

Chumbani kwa baba kuna mashine ya hewa,
wati mia tatu na kumi, usiku na mchana,
inahema kwa niaba yake.
Miaka thelathini na mmoja alichimba makaa chini ya bahari,
makaa nayo yakamchimba.

Jumanne tulipelekwa Shimo Namba Nane.
Lilipofungwa pampu zilizimwa, maji yakapanda
taratibu, ngazi kwa ngazi, yakaingia zamu isiyo na mwisho.
Hapa Cape Breton theluji haibishi hodi:
nje nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Tukateremsha kipimajoto kwa waya,
mita mia, mia mbili,
na huko gizani maji yana nyuzi kumi na sita.
“Mkiipa pampu wati moja,” Fougère akasema, “itawarudishia nne.”
Akiba haiozi, sawa. Lakini hii
ni akiba ya nani?
Ardhi ile nimeijua ikichukua.
Sikuwahi kuisikia ikirudisha.

Nikajaza chupa, nikaificha ndani ya koti, nikampelekea baba.
Akatia vidole.
“Baridi,” akasema.
Nilianza kumweleza, kompresa, mgandamizo,
hakunisikiliza. Alikuwa ananusa.
Chuma. Mayai viza.
“Ndiyo yenyewe.”

Nikamkunjulia ramani ya chuo,
mishale ya buluu ikionyesha maji yanakopita.
Akachomoa penseli sikioni mwangu, akapiga mstari.
Hapa hapapiti kitu.
Hapa tulijenga ukuta, mimi na Lauchie na yule Mpolandi,
baada ya moto. Andika.
Nikaandika.
Akapumzika, pumzi mbili, tatu.
Na hapa. Andika.

Sasa ni saa sita usiku, upepo unatikisa nyaya za barabarani,
taa inafifia, inarudi, nami nasikiliza
upande wa pili wa ukuta.
Inahema.
Najaza safu ya mwisho.
Birika: ndiyo.
Televisheni: ndiyo, tena ingekuwa heri.
Mashine ya baba: hapana,
nikaikandamiza penseli
hadi neno likatokeza nyuma ya karatasi.